Shajara ya mradi: mita ya marudio, na saa iliyonidanganya

Siku ya 1

Multimita yangu ina kitufe cha Hz, cha kupima marudio, yaani mawimbi mangapi ya umeme hupita kwa sekunde. Kila nikiielekeza kwenye umeme inajibu 50.0, basi. Mimi nataka mita itakayosema 49.97 ikiwa ni 49.97, kisha iniandikie usiku kucha jinsi namba hiyo inavyopanda na kushuka. Maana namba hiyo ndiyo kasi ya jenereta zote zilizofungwa pamoja kwenye mtandao wa umeme. Jenereta ya ncha mbili za sumaku hutoa 50 Hz ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ya ncha nne hutoa hizohizo kwa mara 1,500. Watu wakiwasha majiko na pampu, mzigo unazidi nguvu inayoingia, rota, zile sehemu zinazozunguka, zinapungua kasi kidogo, na marudio yanashuka mpaka vidhibiti vya mitambo viongeze maji au mvuke.

Nilichonacho mezani: ubao mdogo wenye chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa saa ya 16 MHz (mapigo milioni 16 kwa sekunde), skrini ya mistari miwili, transfoma ya 9 V AC, komparata (kilinganishi cha volteji) ya LM393 na rundo la rezista. Transfoma haina mjadala. Inashusha volteji na kunitenga na waya wa ukutani, na marudio haiyagusi: mawimbi 50 yakiingia, 50 yanatoka. Anayetaka kuchomeka rezista mbili kwenye soketi na kuziita kigawanyo cha volteji, akafanyie mbali na mimi.

Programu ya kwanza imenichukua nusu saa. Fungua lango, yaani muda wa kuhesabu, kwa sekunde 1, hesabu mawimbi, funga, onyesha. Skrini: 50, 50, 50, 51, 50, 50, 49.

Siku ya 2

Zile 49 na 51 si za umeme, ni za lango. Lango hufunguka mahali popote katikati ya wimbi, kwa hiyo hesabu inaweza kukosea kwa moja hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Ukipima redio ya 1 MHz, kosa la moja ni sehemu moja katika milioni, nani ataliona? Kwa 50 Hz ni asilimia 2. Nikitaka desimali mbili kwa njia hii, lango likae wazi sekunde 100, na hapo tukio nililotaka kulikamata limeshapita.

Kwa hiyo nageuza kazi juu chini. Badala ya kuhesabu mawimbi ndani ya sekunde, nahesabu mapigo ya saa ndani ya wimbi. Wimbi moja la 50 Hz huchukua milisekunde 20, na saa ya 16 MHz hupiga mara 320,000 ndani yake. Pigo moja likikosewa, kosa ni 0.00016 Hz tu. Kisha 16,000,000 gawanya kwa 320,000, ndiyo 50.

Nimepiga hesabu nione njia hizi mbili zinakutana wapi. Lango la sekunde 1 likishindanishwa na kipindi cha wimbi moja, zinalingana usahihi kwenye 4,000 Hz. Chini ya hapo pima kipindi, juu ya hapo hesabu mawimbi. Ila ukipima kipindi cha mawimbi mengi mfululizo badala ya moja, ushindani wenyewe unakwisha: unasubiri wimbi lianze, unahesabu mapigo mpaka wimbi la N liishe, unagawa. Hakuna nusu wimbi ndani ya hesabu. Kaunta nyingi za kisasa za maabara zimejengwa juu ya wazo hili, na ndilo nitakalofuata.

Siku ya 3

Skrini inasema 276.55 Hz.

Kaunta ya chipu hii ni ya biti 16. Inafika 65,535 na kurudi sifuri, kila milisekunde 4.096. Ndani ya wimbi moja la milisekunde 20 inajaa mara nne na kubakiza 57,856. Mimi nilikuwa nasoma masalio tu. 16,000,000 kwa 57,856 ni 276.55. Nilifurahi kuliko nilivyokasirika; kosa linalotoka sawasawa na hesabu ni kosa lenye adabu.

Siku ya 4

Nimeongeza katizo, yaani kipande cha programu ambacho chipu hukiita papo hapo jambo likitokea, la kuhesabu kila kaunta inapofurika. Sasa nasoma hamsini na vidogo, kwa dakika nzima, mbili, kisha ghafla 62.88. Na kila 62.88 inafuatwa papo hapo na 41.50, kama mapacha.

Upacha wao ndio ulionipa jibu. 62.88 Hz ni mapigo 254,464, na 41.50 ni mapigo 385,536. Ya kwanza imepungukiwa na 65,536, ya pili imezidishiwa 65,536. Furiko moja limeandikwa kwenye wimbi lisilo lake.

Inatokea hivi. Ukingo wa wimbi unapofika, chipu yenyewe inanasa namba ya kaunta na kuiweka kwenye rejista, kisanduku chake cha kumbukumbu, bila kusubiri programu. Hapo hakuna shida: programu ikichelewa kidogo kuja kusoma, namba iliyonaswa haibadiliki. Lakini hesabu ya mafuriko iko mikononi mwa programu. Kaunta ikifurika na ukingo ukafika mara tu baada yake, makatizo mawili yanasubiri mlangoni kwa pamoja, na chipu hii humhudumia kwanza aliyenasa. Furiko halijahesabiwa, na mimi tayari nimeshapiga hesabu.

Dawa ni mistari miwili: ukiingia kwenye katizo la kunasa, tazama kama alama ya furiko imesimama, ikiwa imesimama na namba iliyonaswa ni ndogo, ongeza furiko moja. Mapacha hawajaonekana tena.

Siku ya 6

Siku mbili nzima kwenye komparata, na sijutii. Huku mbele ya mita ndiko mambo mengi huharibika, ingawa watu hupenda kuzungumzia programu.

Komparata inalinganisha wimbi na kiwango kimoja cha volteji, na wimbi likikivuka inatoa ukingo mkali wa kidijiti. LM393 haipendi kupewa volteji iliyo chini ya sifuri, kwa hiyo wimbi linapita kwenye kapasita na kupandishwa likae juu ya 2.5 V. Kikubwa ni kelele. Wimbi langu, baada ya kugawanywa, lina kilele cha 1 V. Linapovuka katikati linapanda kwa kasi ya 2π × 50 × 1, yaani kama 314 V kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika: kelele ya milivolti 10 tu inasogeza wakati wa kuvuka kwa mikrosekunde 32. Kwenye wimbi moja hilo ni kosa la 0.08 Hz. Zile desimali nne nilizojivunia siku ya 2 zimemezwa na kelele.

Tiba ya kwanza: wimbi kubwa zaidi, ili livuke kwa kasi. Tiba ya pili: kupima mawimbi 50 kwa pamoja. Kelele inachezea ukingo wa mwanzo na ukingo wa mwisho tu, hao wa katikati hawana neno, kwa hiyo kosa linagawanywa kwa 50 na kubaki 0.0016 Hz.

Tiba ya tatu ni ya ugonjwa mwingine. Kelele inaweza kulifanya wimbi livuke kiwango, lirudi, livuke tena, na komparata ikatoa kingo tatu mahali pa mmoja. Rezista ya 1 MΩ kutoka kwenye toleo la komparata kurudi kwenye pembejeo yake chanya inatenganisha viwango: cha kupandia juu kidogo, cha kushukia chini kidogo. Wimbi likishavuka, kelele ndogo haiwezi kulirudisha. Hiyo ndiyo histeresisi, na Otto Schmitt aliibuni kwa valvu za utupu mwaka 1934, kabla transista haijazaliwa.

Siku ya 7

Inafanya kazi! Usiku mzima imeandika: 50.09, 50.10, 50.08, 50.09. Inapumua kidogo kidogo jinsi nilivyotarajia. Ajabu pekee ni kwamba haishuki kabisa chini ya 50. Nimewaambia watu wawili kwamba mtandao wetu unakwenda mbio.

Siku ya 9

Mtandao kwenda juu kwa 0.1 Hz usiku na mchana, bila kupumzika, hakuniingii akilini. Nimetafuta shahidi.

Nimeiamuru chipu itoe 50 Hz kutoka kwenye saa yake yenyewe, nikaipeleka kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, upande wa X, na umeme wa transfoma upande wa Y. Marudio mawili yakilingana, kioo kinachora yai lililosimama tuli. Yakitofautiana, yai linajibinua: linakuwa mstari, duara, mstari wa upande wa pili, kisha linarudi. Jules Lissajous, Mfaransa, alikuwa akichora maumbo haya kwa vioo na miale ya mwanga tangu karne ya 19. Kila mzunguko mmoja kamili wa umbo ni wimbi moja la tofauti. Langu lilimaliza mzunguko kwa sekunde kumi hivi. Tofauti: 0.1 Hz.

Nikashangilia, nikaenda kulala. Nilipofika kitandani nikakumbuka kwamba nimelinganisha umeme na saa ileile. Oskiloskopu imesema wawili hawa hawaendi pamoja. Haijasema nani amekosea.

Siku ya 10

Nimemwendea mzee mmoja fundi wa jenereta. Ana mita ya zamani ya ndimi, ndani ya boksi zito jeusi: ndimi 13 za chuma zimepangwa safu moja, zimeandikwa 47 hadi 53 kwa hatua ya nusu. Nyuma yao kuna sumaku-umeme inayolishwa na umeme unaopimwa. Kila ulimi una kasi yake ya kutetemeka, kutokana na urefu, unene na uzito wake, na anayetikisika sana ni yule ambaye kasi yake imekutana na mvuto wa sumaku. Mzee akanionyesha tone la risasi ya kulehemia kwenye ncha ya ulimi mmoja: ukiongeza risasi ulimi unakuwa mzito na taratibu, ukikwangua unachangamka. Kitu nisichokijua: sumaku huvuta chuma mara mbili katika kila wimbi, kwa kuwa haijali mkondo unaelekea wapi, kwa hiyo ulimi ulioandikwa 50 kwa kweli hutetemeka mara 100 kwa sekunde.

Tuliiwasha. Ulimi wa 50 ukawa ukungu mpana mweupe. Jirani zake, 49.5 na 50.5, wakatetemeka kidogo, sawa kwa sawa. Ingekuwa 50.1, yule wa 50.5 angemzidi mwenzake.

"Yako inatumia saa gani?" mzee akaniuliza.

"Ya 16 MHz, mzee."

"Nani kakuambia ni 16?"

"Imeandikwa kwenye ubao."

Alicheka mpaka akavua miwani.

Siku ya 11

Jaribio lisilohitaji chombo chochote kipya. Chipu ihesabu mawimbi tu, bila kugusa saa yake, na mimi nianze na kumaliza kwa kutazama simu, ambayo saa yake inarekebishwa na mtandao wa simu. Muda: saa 6, yaani sekunde 21,600. Umeme ukiwa 50 kamili natarajia mawimbi 1,080,000. Ukiwa 50.09, nitapata karibu elfu mbili zaidi. Kidole changu kikichelewa thuluthi moja ya sekunde, hayo ni mawimbi 17, hayana uzito.

Jibu: 1,079,912. Wastani wa 49.996 Hz. Muda huohuo, njia ya kipindi imeandika wastani wa 50.093.

Mtandao hauna hatia. Nimerudi kwa wale watu wawili kuwaambia.

(Saa za zamani za ukutani zenye mota ya sinkroni zilikuwa zikifanya jaribio hili kila siku bila kuambiwa. Zinahesabu mawimbi na kuyaita sekunde. Umeme wa 50.1 Hz ungeziwahisha karibu dakika 3 kwa siku, na wenye nyumba wangepiga kelele.)

Siku ya 13

Nimechukua kioo cha kukuzia. Kidude kinachoipigia chipu yangu si kristali ya kwatsi, ile inayotetemeka kwa usahihi, hata kidogo, ni resoneta ya kauri, kipande cha kauri kinachotetemeka. Kwa kuwasha taa na kusoma vitufe inatosha kabisa. Kauri za aina hii huvumiliwa kukosea hadi nusu asilimia. Nusu asilimia ya 50 ni robo ya hezi. Nilikuwa nikijenga mizani ya dhahabu huku jiwe la kupimia nimeliokota njiani.

Siku ya 17

Sasa saa yenyewe ndiyo inayopimwa. Nimepata kipokezi cha GPS chenye waya unaotoa pigo moja kila sekunde. Satelaiti za GPS hubeba saa za atomi, na sekunde tangu mwaka 1967 haifuati tena mwendo wa dunia bali mtetemo wa atomi ya sizi (cesium): mara 9,192,631,770 ndiyo sekunde moja. Pigo la kipokezi hupotea kwa sehemu ndogo sana ya mikrosekunde. Kwa meza yangu hiyo ni kweli tupu.

Nimelipeleka pigo hilo kwenye mguu uleule uliokuwa ukipokea umeme, na programu ileile. Kati ya pigo na pigo chipu inapaswa kuhesabu 16,000,000. Imehesabu 15,969,000 na kitu. Saa inalegea kwa asilimia 0.19, kwa hiyo mapigo ndani ya kila wimbi yanapungua, nami nikigawa naona wimbi fupi kuliko lilivyo. 50.000 ya kweli inaonekana 50.097. Hesabu zote zimefungana.

Nikasogeza chuma cha kulehemia karibu na kauri, bila kugusa. Namba ikaanza kukimbia kwa mamia.

Kwa hiyo hata kusahihisha kwa programu hakutoshi. Nitasahihisha asubuhi, mchana kauri imeshaondoka.

Siku ya 18

Nimehamisha chipu kwenye ubao wa kuchomeka, na kristali ya kwatsi ya 16 MHz pamoja na kapasita mbili za 22 pF. GPS inasema: 16,000,412. Imezidi kwa sehemu 25.75 katika milioni. Kwenye 50 Hz hilo ni 0.0013, na nimeiandika 16,000,412 ndani ya programu badala ya ile namba nzuri ya mviringo. Chuma cha moto karibu nayo: inasogea kwa makumi, basi.

Mita ya mzee nayo ina saa yake, nimetambua leo. Ni ule ugumu wa chuma na lile tone la risasi. Ile mita ya sindano ya aina ya Weston pia: koili mbili zimekaa kwa pembe ya mraba, moja imeungwa na rezista, nyingine na koili ya kuzuia ambayo hubana mkondo zaidi marudio yanapopanda, na kichuma cha katikati huelemea upande wenye nguvu. Kiwango chake cha kulinganishia kiko ndani ya koili hiyo. Kila mita inalinganisha na kitu ilichokibeba tumboni, na mimi wiki nzima sikuuliza changu ni nini.

Siku ya 24

Nimepeleka mita kwa mzee, kwenye jenereta yake ndogo ya petroli, silinda moja. Skrini ikasoma 156. Kisha 104. Kisha 156.

Umeme wa mashine hii si wimbi laini kama wa ukutani; una meno meno, na karibu na kuvuka unapanda na kushuka zaidi ya nafasi ya histeresisi yangu. Kingo tatu kwa wimbi moja, ndiyo hiyo 156. Nimeweka rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 0.22 µF mbele ya komparata, zikate kuanzia 72 Hz. Kichujio kinachelewesha wimbi, lakini kinachelewesha kila ukingo kiasi kilekile, na kipindi ni tofauti ya kingo mbili. Ucheleweshaji unajifuta wenyewe.

Bila mzigo: 52.1 Hz. Mzee akawasha pampu: 50.2. Kwenye boksi lake jeusi ukungu ukahama kutoka ulimi wa 52 kwenda wa 50. Akageuza skrubu ya gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, robo mzunguko, tukapima tena.

Kisha nikaigeuza mita isome wimbi moja moja, kwa udadisi tu: 50.9, 49.6, 50.8, 49.6, 50.9, 49.5. Nikadhani mapacha wamerudi. Mzee hakusubiri nimalize kulalamika. Injini ya mipigo minne, akasema, inawaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Rota ya ncha mbili inatoa wimbi moja kwa mzunguko. Basi wimbi moja linasukumwa, linalofuata linajikokota.

Ndimi zake haziwezi kuona hilo. Uzito wake wenyewe unalainisha kila kitu. Aliitazama skrini kwa muda mrefu. Nimeacha programu ipime mawimbi 50 kwa mkupuo, namba shufwa, ili kila linalosukumwa liwe na mwenzake.

Ameomba abaki nayo wiki moja aisikilize injini. Mimi nimeondoka na boksi lake la ndimi, liko hapa mezani, na ule wa 50 unavuma.